Majina ya ioni za metali: maswali yanayojirudia kila siku

Haya ni maswali ambayo mtu yeyote anayefundisha kemia ameshayajibu mpaka sauti ikakauka, na ukiyaangalia vizuri karibu yote yana mzizi mmoja: mtu kaona namba ya kirumi kwenye mabano, kama ile ya chuma(III), akadhani inahesabu atomu. Haihesabu atomu. Inahesabu chaji. Hilo likikukaa kichwani nusu ya ukurasa huu huna kazi nayo, ila soma tu manake hiyo nusu nyingine ndo yenye mitego.

Halafu kuna jambo la lugha tuliweke sawa mapema. Humu nikisema chuma namaanisha Fe peke yake, sio kila kitu kigumu kinachong'aa, hivyo vingine vyote kwa ujumla naviita metali. Fedha ni Ag, sio hela. Risasi ni Pb, sio ya bunduki. Na bati ni Sn, lile bati la kuezekea ni habari nyingine kabisa, lile ni chuma kilichopakwa zinki, kwa hiyo ukiulizwa ioni ya bati usianze kufikiria paa.

Kwani kationi ni kitu gani hasa?

Ioni ni atomu, au kikundi cha atomu, yenye chaji ya umeme, na kationi ni ioni yenye chaji chanya, yaani protoni zake ni nyingi kuliko elektroni. Mfano sodiamu ina protoni 11 na elektroni 11, ikitoa elektroni moja zinabaki 10, protoni ziko palepale, basi inabaki chanya moja isiyo na wa kuisawazisha, ndo unaandika Na⁺. Kalsiamu inatoa mbili inakuwa Ca²⁺, aluminiamu inatoa tatu inakuwa Al³⁺. Metali zina tabia hiyo ya kutoa, ndo maana ukisikia ioni ya metali mara nyingi ni chanya.

Neno lenyewe lilitoka 1834. Michael Faraday alikuwa anapitisha umeme kwenye vimiminika na alitaka majina ya vile vitu vinavyosafiri humo ndani, akamwendea William Whewell aliyekuwa anakijua Kigiriki vizuri, ndo yakaja ioni, anioni, kationi, anodi na kathodi. Kationi ni ile inayokwenda kathodi, yaani ncha hasi, na anioni ni ioni hasi, inakwenda anodi, ncha chanya. Wakati huo elektroni hata haijagunduliwa, walikuwa wanajua tu kuna kitu kinatembea.

Mbona imepoteza elektroni halafu inaandikwa plus? Si ingekuwa minus?

Kilichopotea ni hasi. Mtu akikufutia deni la elfu mbili, umepoteza deni, hali yako imepanda au imeshuka? Basi ni hivyohivyo.

Sawa, na jina linabadilikaje atomu ikishakuwa kationi?

Halibadiliki, na hapa ndo watu wanatafuta ugumu ambao haupo. Unachukua jina la metali unaweka "ioni ya" mbele: ioni ya sodiamu, ioni ya magnesiamu, ioni ya zinki. Wanaobadilika mkia ni wale wengine wa upande wa hasi, klorini inakuwa kloraidi, oksijeni inakuwa oksaidi, salfa inakuwa salfaidi. Metali inabaki na jina lake alilopewa nalo.

Ila angalia, jina kubaki lilelile haina maana kitu ni kilekile. Kipande cha sodiamu ukikitupia kwenye maji kinarukaruka na kuwaka, wakati ioni ya sodiamu imetulia kwenye chumvi unayokula. Kwa hiyo kwenye sentensi sema ioni kama unamaanisha ioni, "sodiamu imeyeyuka kwenye maji" na "ioni za sodiamu zimo kwenye maji" ni taarifa mbili tofauti na ya kwanza inaweza kukuunguza.

Nitajuaje metali fulani ina chaji ngapi?

Kwa baadhi, jedwali la elementi linakwambia bure. Safu ya kwanza yote kushoto (litiamu, sodiamu, potasiamu na wenzao) ni 1+ siku zote. Safu ya pili (magnesiamu, kalsiamu, bariamu) ni 2+ siku zote. Aluminiamu 3+. Halafu kuna wawili wanaokaa katikati ya jedwali ila wamejiheshimu, zinki ni 2+ na fedha, kwa kazi zako za kawaida, ni 1+. Ukitaka kuongeza, kadmiamu 2+ na skandiamu 3+.

Waliobaki kwenye lile eneo la katikati, pamoja na bati na risasi kule kulia chini, chukulia wana chaji zaidi ya moja mpaka uthibitishe vinginevyo. Chuma 2+ na 3+. Shaba 1+ na 2+. Bati na risasi 2+ na 4+. Kobalti 2+ na 3+. Kromiamu mara nyingi 2+ na 3+ kama ioni. Dhahabu 1+ na 3+. Manganizi usiniulize kabisa, tutaifikia.

Namba ya kirumi kwenye mabano inafanya nini pale?

Inakwambia metali hii hapa imebeba chaji ngapi. Chuma(II) ni Fe²⁺, chuma(III) ni Fe³⁺, shaba(I) ni Cu⁺, risasi(IV) inahesabiwa kama Pb⁴⁺. Basi. Haikwambii kuna chuma ngapi kwenye fomula, haikwambii kuna klorini ngapi, wala haina uhusiano na safu ya jedwali. Angalia oksaidi ya shaba(I): fomula yake ni Cu₂O, ina atomu MBILI za shaba, na jina linasema moja. Halafu oksaidi ya shaba(II) ni CuO, atomu MOJA ya shaba, na jina linasema mbili. Mtu anayehesabu atomu hapa atazibadilisha zote mbili kichwa chini miguu juu, na nimeona wanafunzi wazuri kabisa wakifanya hivyo kwenye mtihani huku wanatabasamu.

Mfumo huu unaitwa mfumo wa Stock, kwa jina la mkemia Mjerumani Alfred Stock aliyeupendekeza 1919. Kabla yake watu walikuwa wanatumia majina ya Kilatini yenye mikia, nayo tutayaona hapo chini.

Nikipewa fomula napataje hiyo namba?

Hapa ndo penye kazi yenyewe, tukae kidogo.

Kanuni ni kwamba usianze na metali. Anza na anioni, kwa sababu anioni chaji yake unaijua, haibadilikibadiliki. Kloraidi 1−, floraidi 1−, haidroksaidi 1−, naitreti 1−, oksaidi 2−, salfaidi 2−, salfeti 2−, kaboneti 2−, fosfeti 3−. Hizo ndo za kukariri, hakuna ujanja. Ukishazijua, unajumlisha hasi zote, halafu unasema metali lazima zilete chanya ileile ili jumla iwe sifuri, halafu unagawanya kwa idadi ya metali zilizopo. Jibu la huo mgawanyo ndo linaingia kwenye mabano.

Chukua FeCl₃. Kloraidi tatu, kila moja 1−, jumla 3−. Chuma kiko kimoja, kwa hiyo kinabeba 3+ peke yake. Kloraidi ya chuma(III). Chukua Fe₂O₃, oksaidi tatu kwa 2− ni 6−, chuma viko viwili vinagawana 6+, kila kimoja 3+, oksaidi ya chuma(III), na uone kwamba ioni ni ileile ya mwanzo japo fomula hazifanani kabisa.

Yenye mabano watu wanaiogopa lakini njia haibadiliki. Cu₃(PO₄)₂: fosfeti mbili kwa 3− ni 6−, shaba tatu zinagawana 6+, kila moja 2+, fosfeti ya shaba(II). Fe₂(SO₄)₃: salfeti tatu, 6−, chuma viwili, salfeti ya chuma(III). Kosa la hapa ni mtu kuingia ndani ya salfeti akaanza kuhesabu oksijeni moja moja, zile nne, unajichosha bure, salfeti ichukue kama mzigo mmoja uliofungwa wenye 2− juu yake.

Na sasa mtego ambao unakamata wengi kuliko yote. SnO₂. Mtu anaona ile 2 ndogo chini ya oksijeni anakumbuka "kubadilishana namba kwa msalaba" aliyofundishwa (chaji ya huyu inakuwa idadi ya yule), anairudisha kwa bati, anasema bati(II). Sio. Oksaidi mbili ni 4−, bati ni moja, bati(IV). Kilichotokea ni kwamba Sn⁴⁺ na O²⁻ ukizivusha msalaba unapata Sn₂O₄, halafu inarahisishwa kwa kugawanya kwa mbili inakuwa SnO₂, na ule urahisishaji unafuta ushahidi. PbO₂ na MnO₂ ni hivyohivyo, zote (IV). Kwa hiyo msalaba tumia wakati wa kwenda, yaani kutoka jina kwenda fomula, wakati wa kurudi tumia hesabu ya chaji. Mimi binafsi huu msalaba ningependa usingefundishwa kabisa lakini ndo hivyo umeshazoeleka.

Na nikipewa jina, naandikaje fomula?

Jina limeshakupa kila kitu, kazi ni ndogo. Naitreti ya risasi(II): risasi 2+, naitreti 1−, unahitaji naitreti mbili ili isawazike, Pb(NO₃)₂. Salfaidi ya kromiamu(III): 3+ na 2−, namba ndogo inayogawanyika kwa zote ni 6, kwa hiyo kromiamu mbili na salfaidi tatu, Cr₂S₃. Mabano kwenye fomula weka tu kama kile kikundi kinajirudia, moja peke yake haina haja, NaOH sio Na(OH).

Kumbuka pia kwenye fomula metali inaandikwa mwanzo, lakini kwa Kiswahili tunaposema inakuja mwisho. NaCl ni kloraidi ya sodiamu. Ukisoma fomula kushoto kwenda kulia utajikuta unasema "sodiamu ya kloraidi", na hapo umebadilisha nani mwenye mali.

Kwa nini haturuhusiwi kuandika sodiamu(I)? Si kweli ina 1+?

Kweli ina 1+, hujadanganya, umepoteza wino tu. Namba inawekwa pale ambapo msomaji angeweza kujiuliza "ipi?", na kwa sodiamu hakuna wa kujiuliza. Sasa kwenye mitihani wasahihishaji wengi wanaikata kwa sababu inaonyesha hujui kwamba sodiamu haina chaji nyingine. Kwa zinki na fedha utakuta wengine wanaandika fedha(I), sio dhambi.

Kwani kwa nini chuma kina chaji za aina mbili na kalsiamu ina aina moja tu?

Ni habari ya elektroni zimekaa wapi. Kalsiamu ina mbili nje kabisa, ikizitoa inabaki na mpangilio uliotulia kama wa agoni, na kuvunja huo mpangilio kutoa ya tatu ni gharama kubwa mno, haiwezekani kwa kemia ya kawaida. Chuma kina mbili nje (zile za 4s) na sita kwenye 3d, na hizo ngazi mbili ziko karibu sana kinishati. Za 4s zinatoka kwanza, hiyo ni Fe²⁺. Lakini ya tatu nayo sio ghali kihivyo, na ikitoka 3d inabaki na tano, kila moja kwenye chumba chake, mpangilio wenye utulivu, ndo Fe³⁺. Kwa hiyo chuma kinaweza kusimama kwenye kituo chochote kati ya hivyo viwili kutegemea kimekutana na nani. Zinki ina 3d imejaa kumi, ikitoa zile mbili za 4s inakaa hapo hapo, ndo maana haina usumbufu.

Bati na risasi sababu yao nyingine. Wana elektroni nne nje, mbili za ngazi ya p zinatoka kirahisi, mbili za ngazi ya s zinang'ang'ania, kwa hiyo wanaweza kuishia 2+ au kwenda mpaka 4+. Kadiri unavyoshuka safu zile za s zinazidi kung'ang'ania, ndo maana risasi inapenda (II) na ukiilazimisha kuwa (IV) kama kwenye PbO₂ inakuwa na hamu kubwa ya kurudi chini, inanyang'anya wengine elektroni.

Nimeona ferasi na feriki, kuprasi na kupriki. Hivi ni vitu gani?

Ni ile lugha ya zamani. Zinatoka kwenye majina ya Kilatini ya metali: ferrum ni chuma, cuprum ni shaba, stannum ni bati, plumbum ni risasi, aurum ni dhahabu, na ndo hayohayo yaliyozaa alama Fe, Cu, Sn, Pb, Au. Mkia wa -asi (ile inayoandikwa -ous kwenye lebo) ni ioni yenye chaji ndogo, mkia wa -iki (-ic) ni yenye chaji kubwa.

Sasa ubaya wake. Mkia unakwambia ndogo na kubwa, haukwambii ngapi. Ferasi ni 2+ na feriki ni 3+. Kuprasi ni 1+ na kupriki ni 2+. Stanasi 2+, staniki 4+. Unaona hapo, -iki inaweza kuwa mbili, tatu au nne, lazima umfahamu mhusika mwenyewe. Na metali ikiwa na chaji zaidi ya mbili mikia inakwisha, huna cha kuongeza. Ndo maana mfumo wa Stock ukashinda na IUPAC, chombo cha dunia kinachoratibu majina ya kemia, hakipendekezi tena hii mikia.

Lakini usiitupe, bado utakutana nayo mtaani kuliko unavyodhani. Vidonge vya kuongeza damu vimeandikwa ferasi salfeti, au ferasi fumareti, na hiyo ni kwa sababu utumbo unafyonza chuma(II) kirahisi kuliko chuma(III). Dawa ya meno nyingine ina stanasi floraidi, yaani floraidi ya bati(II), SnF₂. Anayejua mikia anasoma lebo anaelewa, asiyejua anadhani ni jina la kampuni.

Zebaki(I) imenichanganya. Kwa nini inaandikwa Hg₂²⁺?

Una haki kuchanganyikiwa, huyu ndo mkorofi wa darasa. Atomu za zebaki(I) hazitembei moja moja, zinashikana mbili mbili, na hiyo jozi kwa pamoja ina 2+. Ukigawa, kila atomu inahesabiwa 1+, kwa hiyo jina ni zebaki(I) japo chaji ya ioni nzima ni 2+. Hapa ndo utaona kwa ukali wote kwamba kirumi kinazungumzia kila atomu ya metali, yaani namba yake ya oksidesheni, sio chaji ya ioni kwa jumla. Kwa ioni za atomu moja hizo mbili ni kitu kimoja ndo maana nimekuwa nazichanganya toka juu bila aibu, kwa zebaki(I) zinaachana.

Kloraidi ya zebaki(I) ni Hg₂Cl₂, na usiirahisishe kuwa HgCl hata kama mkono unawasha. Kloraidi ya zebaki(II) ni HgCl₂. Na tofauti sio ya makaratasi: ya kwanza haiyeyuki kwenye maji kwa urahisi na zamani watu walikuwa wanapewa kama dawa ya tumbo (isingetakiwa, zebaki ni zebaki), ya pili inayeyuka vizuri na ni sumu kali inayoua.

Kuna kitu kinanisikitisha kidogo kila nikifika hapa. Huyo Alfred Stock mwenye mfumo, miaka mingi ya kufanya kazi na vyombo vyenye zebaki maabara ilimwachia sumu ya mvuke wake mwilini, akasumbuliwa na kichwa na kumbukumbu, na 1926 akachapisha onyo kwa wenzake kuhusu mvuke huo. Na metali inayousumbua mfumo wake ni hiyohiyo.

Nimefanya hesabu ya Fe₃O₄ nimepata 2.67. Nimekosea wapi?

Hujakosea hesabu, 8 gawanya kwa 3 ni hiyo hiyo. Ila hakuna ioni ya chuma yenye 2.67+, kwa sababu elektroni haikatwi vipande. Ukipata desimali jua kuna mchanganyiko ndani. Hapa kuna Fe²⁺ moja na Fe³⁺ mbili, jumlisha 2 na 3 na 3 unapata 8, imesawazika. Jina linaandikwa oksaidi ya chuma(II,III). Pb₃O₄, ile rangi nyekundu ya zamani ya kuzuia kutu, nayo ni ya ukoo huo, risasi(II) mbili na risasi(IV) moja.

Ni 2+ au +2? Mwalimu mmoja anasema hivi mwingine vile.

Wote wanaweza kuwa sahihi. Chaji ya ioni inaandikwa namba kwanza, juu kulia: Fe²⁺. Namba ya oksidesheni inaandikwa alama kwanza: +2, au kwa kirumi II. Na kama chaji ni moja, ile 1 haiandikwi, K⁺ inatosha.

Utakutana pia na wanaoandika chuma(3+) kwa tarakimu za kawaida pamoja na alama. Huo ni mfumo mwingine, wa Ewens na Bassett wa 1949, na unakubalika. Wenyewe unataja chaji ya ioni nzima moja kwa moja, kwa hiyo hata ile zebaki korofi haiuyumbishi. Usichanganye tu mifumo miwili kwenye jina moja, chuma(III+) hakuna.

Kuna nafasi kati ya metali na mabano?

Hakuna. Chuma(III), imeshikana. Ukisoma kwa sauti unasema "chuma tatu".

Manganizi(VII) ina maana kuna ioni ya Mn⁷⁺ inaogelea kwenye maji?

Hapana, na swali hili huwa linanifurahisha kwa sababu anayeliuliza ameanza kufikiri. Kwenye KMnO₄, ile ya zambarau, ukipiga hesabu manganizi inatoka +7. Lakini kung'oa elektroni saba kutoka kwa atomu moja halafu ikae peke yake kwenye maji, haiwezekani, ingewanyang'anya majirani wote elektroni zao mara moja. Kilichopo ni ioni ya pamanganeti, MnO₄⁻, manganizi imezungukwa na oksijeni nne na inashirikiana nazo elektroni, na kitu chote ni ANIONI. Namba VII ni ya kutunzia hesabu tu. Kationi ya metali hapo ni potasiamu masikini ambaye hakuna anayemtazama.

Kwa kipimo cha haraka, ukipata 1+, 2+ au 3+ inaweza kuwa ioni kweli. Ukipata 4+ anza kutilia shaka, na kuanzia 5 kwenda juu jua metali imejificha ndani ya kikundi chenye oksijeni au kitu kama hicho. Kromiamu(VI) ni hivyohivyo, iko ndani ya kromati ya njano au daikromati ya chungwa, na ni sumu inayoweza kuleta saratani, wakati kromiamu(III) ni mpole kwa kulinganisha. Mtu akikwambia "kuna kromiamu kwenye maji" swali la kwanza la kumuuliza ni kromiamu ipi.

Amoniamu ni metali?

Hapana, ni NH₄⁺, naitrojeni na haidrojeni, lakini ni kationi na jina lake limepewa mkia unaofanana na sodiamu na potasiamu kwa sababu chumvi zake zinafanana sana na zao. Inakaa mwanzo wa fomula kama metali: NH₄Cl, kloraidi ya amoniamu. Haina kirumi. Usichanganye na amonia, NH₃, hiyo haina chaji.

Hivi kweli inajalisha, (II) au (III)?

Iangalie kwa macho tu. Oksaidi ya shaba(I) ni nyekundu, ya shaba(II) ni nyeusi. Chuma(II) kwenye maji ni kijani kilichopauka, chuma(III) ni njano inayoelekea kahawia. Shaba(II) kwenye maji ni buluu ile inayojulikana, na shaba(I) kwenye maji haikai hata kidogo, inajigawa yenyewe, nusu inarudi kuwa shaba ya metali na nusu inapanda kuwa shaba(II). Elektroni moja tu hiyo.

Mbona kwenye vitu kama [Fe(CN)₆]⁴⁻ chuma kinageuka kuitwa fereti?

Kwa sababu kile kifurushi kizima kimekuwa anioni, na anioni ndo zinabadilisha mkia. Metali ikiwa ndani ya anioni ya namna hiyo inarudi kwenye Kilatini chake na kuongezewa -eti: chuma fereti, shaba kupreti, risasi plambeti. Kifurushi kikiwa chanya, kama [Cu(NH₃)₄]²⁺, shaba inabaki shaba(II). Zaidi ya hapo ni somo zima jingine.

Nikiandika "kloraidi ya chuma" bila mabano itakubalika?

Haitakubalika, hujasema ipi, ziko mbili: FeCl₂ na FeCl₃. Na sio mtihani tu, chupa za maabara zenye lebo ya hivyo zipo na zinaudhi kweli. Ukikutana nayo chukua kidogo yeyusha kwenye maji, dondoshea haidroksaidi ya sodiamu. Ikitoka tope la kijani chafu ilikuwa chuma(II), na ukiliacha kidogo juu litaanza kugeuka kahawia kwa sababu oksijeni ya hewa inalipandisha daraja. Ukiona vyote viwili toka mwanzo jua chupa ilikaa wazi muda mrefu na sasa ni mchanganyiko, hiyo andika tarehe uweke pembeni. Ikitoka kahawia ya kutu moja kwa moja, chukua kalamu uongeze (III) kwenye lebo, bila nafasi.